Maumivu Yasiyokwisha: Kuyapokea si Kushindwa



Katika nyumba nyingi yumo mgonjwa asiyeonekana kuwa mgonjwa. Hana jeraha wala homa, lakini mgongo, magoti au kichwa humwuma leo, kesho na mtondo. Maumivu yakizidi miezi 3 madaktari huyaita ya kudumu. Dawa huyapunguza, lakini mara nyingi haziyamalizi. Je, wana ndoa wafanyeje?

Tuchukue mfano. Mama anaumwa mgongo mwaka wa pili sasa. Kila asubuhi hujiambia, "Nikipona nitarudi jumuiya, nitakwenda kuwaona wazazi." Siku akipata nafuu hufua nguo zote za nyumba, kisha hulala siku tatu. Baba humpokonya kila kazi kwa huruma, lakini akichoka humwambia, "Mama Wanjiru, unajifanya." Wote wawili wanapigana na maumivu, na vita hivyo vinakula upendo wao.

Mwanasaikolojia Steven Hayes wa Marekani na wenzake walieleza njia nyingine katika kitabu chao cha mwaka 1999: kupokea. Mwaka 2004 Lance McCracken na wenzake walionyesha kwamba kupokea maumivu kuna sehemu mbili. Kwanza, kuendelea na mambo yenye maana hata maumivu yakiwapo. Pili, kuacha kumaliza nguvu zote katika kuyazuia na kuyakwepa. Wanaopokea hivyo huelekea kuwa na huzuni na hofu kidogo, tena hufanya mengi zaidi.

Angalieni: kupokea si kukata tamaa, wala si kuacha dawa. Anayesema, "Ni mapenzi ya Mungu," kisha akajifungia chumbani, hajapokea bado. Papa Yohane Paulo II, katika barua yake ya tarehe 11 Februari 1984 juu ya mateso, alituwekea mbele Msamaria Mwema. Anayeteseka hatupiti kando, tunamhudumia. Na mgongo ukiuma pamoja na ganzi ya miguu, mkojo usiozuilika, homa au kukonda bila sababu, nendeni hospitali upesi.

Anzeni hivi:

1. Mgonjwa aseme ukweli kwa maneno machache: "Leo yapo." Asifiche, wala siku nzima isiwe ya maumivu tu.

2. Chagueni jambo moja aliloliacha, mfano kwenda jumuiya, alirudie kidogo kidogo. Asingoje kupona kwanza.

3. Kazi ipimwe kwa saa, si kwa maumivu. Afue dakika 15, apumzike, siku njema na siku mbaya vilevile. Kulala muda mrefu hudhoofisha misuli.

4. Mwenzi asishuku, wala asinyang'anye kila kazi. Aulize, "Nikusaidie wapi?" Kisha asikilize jibu.

5. Msiache kugusana. Semezaneni bila aibu ni namna gani isiyomwumiza mwenzako.

Siku ya arusi mliahidiana uaminifu katika ugonjwa na afya. Hamkuahidi kwamba maumivu yataondoka. Mliahidi kwamba hakuna atakayeyabeba peke yake.

Maswali ya kujadiliana leo jioni, watoto wakishalala:

- Ni jambo gani tumeliahirisha tukingoja maumivu yaishe?
- Msaada wangu unakuinua, au unakufanya ujione mzigo?
- Juma hili tutaanza na hatua gani moja?