Birika la Kuogelea Kuwa Bwawa la Samaki

Birika la kuogelea lililosimama juu ya ardhi laweza kufugiwa samaki wakubwa, lakini maji ndiyo ya kwanza. Klorini huunguza matamvua ya samaki. Basi mwaga maji yote, sugua birika bila sabuni, ujaze maji ya mto. Birika la duara lenye upana wa mita 4 na kina cha mita 1 huchukua lita 12,500 hivi.

Katika baridi ya Nyeri, birika hupoa usiku upesi kuliko bwawa lililochimbwa. Perege hudumaa, tena huzaana wakasongana. Trauti, kama wa Kiganjo, wataka maji baridi yapitayo daima. Afadhali kambare: ingawa baridi humchelewesha, huvuta hewa juu ya maji. Funika wavu, asitoroke. Vifaranga waulizie Sagana, kituo kilichoanzishwa mwaka 1948. Weka wachache: wakijazana hawakui.