Mkimbizi Amefika Gairo: Nifanyeje?

SWALI: Nina mgahawa Gairo, kando ya barabara ya Dodoma. Kijana Mkongo ameshuka kwenye lori, anasema amekimbia vita Kivu, anaomba kazi. Hana karatasi yoyote. Nimsaidieje bila kuvunja sheria?

JIBU: Mlishe, mama, lakini usimfiche na usimpe ajira kwanza, maana mgeni anahitaji kibali cha kazi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka ajitambulishe ndani ya siku saba tangu aingie nchini, na anaweza kumwendea hata mtendaji wa kijiji. Fuatana naye, huenda wewe ndiye shahidi pekee kwamba alijitokeza mwenyewe.

Kuomba hifadhi si uhalifu. Mkataba wa wakimbizi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) wa mwaka 1969, ambao Tanzania imeuridhia, unamtambua pia anayekimbia vita, si anayesakwa na serikali yake tu, na unakataza kumrudisha kwenye hatari.

Shida kubwa iko hapa: wakimbizi hutakiwa kuishi kambini, kama Nyarugusu mkoani Kigoma, na kutoka ni kwa kibali. Akikamatwa Gairo kabla hajajieleza, ataonekana mhamiaji haramu tu, na kesi itaamuliwa kabla kisa chake hakijasikilizwa. Hilo linaniuma sana. Kwa hiyo aseme wazi, mapema, kwa Kiswahili chake: "Naomba hifadhi." Akishikiliwa, taarifa ifikishwe UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, lenye ofisi Dar es Salaam.