Saa ya mkononi inanidai hatua 10,000

Swali: Natengeneza tovuti, kazi nafanyia nyumbani Sinza. Saa janja inanidai hatua 10,000 kila siku, nami naishia 3,000. Jioni kiuno kinakaza. Nijilazimishe?

Jibu: Hiyo 10,000 haikutoka hospitali. Ilianzia Japani mwaka 1965, kampuni ya Yamasa ilipouza kifaa kilichoitwa Manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi. Jina la biashara likageuka sheria! Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unazungumzia dakika: 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya misuli walau siku 2. Ukitembea kwa kasi nusu saa, siku 5, umeshafika 150.

Kiuno ni habari nyingine. Kompyuta mpakato hukuinamisha kwa sababu kioo na kibodi vimeshikana: ukiinua kimoja, kingine kinakwenda pabaya. Iweke juu ya vitabu hadi ukingo wa juu wa kioo ulingane na macho, kisha tumia kibodi na kipanya vya kuchomeka. Bei yake haifiki ya saa yako, nadhani. Na kila ukisubiri programu ijaribiwe, inuka ukachote maji. Maumivu yakishuka mguuni au ganzi ikaingia, muone daktari mapema.

Saa usiitupe. Zima tu arifa yake ya kukudai hatua saa tatu usiku. Yangu niliizima zamani.