SOMO: KUMTANGULIA KIJANA KABLA YA KOSA

Samaki mkunje angali mbichi. Wazazi wengi huikumbuka methali hiyo siku kijana amekwisha kukamatwa. Somo hili lahusu siku zilizotangulia.

1. Kosa lina njia yake

Karibu mwaka 2002 mawe ya bati yalivumbuliwa katika mlima wa Bisie, nchi ya Walikale. Maelfu ya watu waliingia msituni, na vijana pamoja nao. Chakula kilifika huko migongoni mwa wachukuzi, kwa njia ya miguu, kwa hiyo bei yake ilikuwa kubwa. Wenye silaha nao walitoza ushuru. Tangu mwaka 2019 kampuni yachimba Bisie kwa mitambo, lakini mashimo ya wachimbaji wa mikono hayajakoma katika Walikale na Masisi.

Uchukuliwe mfano wa kijana wa miaka 13 aliyeacha shule na kwenda machimboni kubeba mizigo. Siku ya kwanza hula kwa mkopo. Shimo lisipotoa kitu, deni hukua, naye huona haya kurudi nyumbani mikono mitupu. Ndipo mmoja humwambia aibe gunia la mwenzake usiku. Mwingine humpa bunduki na kumwahidi kwamba deni litafutwa. Je, kosa lilianza usiku ule? Hapana. Lilianza penye sahani ya kwanza ya mkopo, wala hapakuwa na mtu mzima wa kumwuliza: “Mwanangu, wadaiwa kiasi gani?”

2. Mfano wa Mtakatifu Yohane Bosco

Katika miaka ya 1840 Padre Yohane Bosco aliingia magereza ya Turin, nchi ya Italia. Aliwaona vijana waliofunguliwa wakarudi tena kifungoni, kwa sababu huko nje hapakuwa na mtu wa kuwapokea. Basi alianza kuwakusanya vijana mapema, akawapa mchezo, masomo na kazi. Alifanya pia mapatano ya maandishi na mafundi. Katika patano la mwaka 1852 seremala aliahidi kumrudi mwanafunzi wake kwa maneno tu, si kwa mapigo. Mwaka 1877 aliiandika njia yake, njia ya kuzuia, yenye misingi mitatu: akili, dini na upendo. Wasalesiani wa Ngangi, mjini Goma, wameifuata njia hiyo kwa shule na mafunzo ya ufundi.

3. Sheria yasemaje?

Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 yamlinda mtoto hadi miaka 18. Aliye chini ya miaka 14 hahukumiwi kwa kosa la jinai. Hakimu wa watoto humwachilia na kumkabidhi kwa mtumishi wa ustawi wa jamii. Anayemwingiza mtoto vitani ndiye mkosaji. Mwaka 2020 mahakama ya kijeshi mjini Goma ilimhukumu Ntabo Ntaberi Sheka, mkuu wa kundi la silaha la Walikale, kifungo cha maisha; kati ya makosa yake lilikuwamo la kuwaandika watoto jeshini.

Lakini hakimu yu mbali na kijiji, na mara nyingi hufika nyuma ya kosa. Jirani aweza kufika mbele yake.

4. Mambo ya kutenda

Kwanza, mwalimu aone kiti kitupu. Mtoto akikosa shule siku tatu, mtu aende kwao wiki ile ile.

Pili, mzazi aulize fedha zimetoka wapi. Hapa ndipo penye ugumu, maana njaa ikiwa nyumbani, fedha za kijana hupokelewa kimya. Lakini ukimya huo humfundisha kwamba njia yoyote ni njema.

Tatu, deni lijulikane likingali dogo. Wazee wakilipatanisha mapema, kijana hupata mlango wa kurudia.

Nne, apewe fundi mmoja wa kumfundisha kazi, na mtu mzima mmoja wa kumtazama. Akiachiwa wote, hana hata mmoja.

Tano, aliyekwisha kosa asiitwe mwizi. Aitwe kwa jina lake.

Maswali

1. Katika mfano wa somo, kosa lilianza wapi?
2. Njia ya kuzuia ina misingi gani?
3. Ni kijana yupi kijijini ambaye kiti chake ki kitupu leo, na nani atakwenda kwao?