KUHESABU MALIPO YA MUTU ALIYEUMIZWA NA MOTOKARI

Somo: Kutoka 21:18–19

Motokari ikigonga mutu, mara nyingi mwenye motokari anafika kitandani siku ya pili. Analeta mbuzi na feza kidogo, anasema: «Tumalize maneno leo.» Jamaa wamechoka, wanahitaji feza ya dawa, nao wanatia kidole kwa karatasi. Lakini siku ile hakuna anayejua ukubwa wa hasara. Mufupa wa mukono unaweza kuungana katika majuma sita. Mufupa wa paja unaomba miezi mitatu ao zaidi. Aliyepigwa kichwa anaweza kusema vizuri leo, na hatari ikaonekana kiisha siku nyingi.

Kwa hiyo musipatane bei mbele munganga hajasema: «Amepona», ao: «Kilema hiki kitabaki.»

Sheria ya Musa ilihesabu mambo mawili: siku ambazo mutu hakuweza kufanya kazi, na gharama ya kumuponyesha. Sheria ya Kongo ya tarehe 30 mwezi wa saba 1888, kifungu 258, inasema pia kwamba mwenye kosa anapaswa kutengeneza hasara aliyoleta. Tena tangu 1973 kila motokari inapaswa kuwa na asiransi. Basi, andikeni namba ya motokari na jina la asiransi yake.

Hesabuni mambo manne:

1. Gharama ya hospitali, dawa, safari, na chakula cha anayemulinda mugonjwa.
2. Siku za kazi zilizopotea.
3. Kilema kitakachobaki, na kazi ambayo hataiweza tena.
4. Maumivu.

Tuseme mama muuzaji alipata faida ya franka 10 000 kwa siku, siku sita kwa juma. Muguu wake umevunjika, amekaa majuma 16 bila kazi. Ni siku 96, maana yake franka 960 000. Ongezeni hospitali 400 000 na safari 60 000: jumla 1 420 000. Na bado hatujahesabu kilema wala maumivu! Angalieni sasa mbuzi yule.

Chungeni karatasi zote: ile ya polisi, cheti cha munganga, na risiti za dawa. Neno bila karatasi linakataliwa upesi.

Wengine wanasema: «Mukristo asiombe malipo.» Lakini kusamehe ni kuondoa kisasi katika moyo, hakulishi watoto wa mutu asiyeweza kutembea. Ombeni kwa upole, na musiongeze hata franka moja ya uwongo.

MAULIZO

1. Sababu gani si vema kupatana bei siku ya pili?
2. Taja mambo manne ya kuhesabu.
3. Karatasi gani zinapaswa kuchungwa?