Matumizi ya Uwanja wa Mbele ya Nyumba

Mkulima huhesabu shamba lake kwa mashina ya mihogo na matuta ya viazi, bali uwanja ulio mbele ya mlango wake hauhesabu kabisa. Hufagiliwa kila asubuhi, na kazi yake ni kupitiwa tu. Lakini ardhi ile ndogo i karibu na maji, na jiko, na macho ya mwenyewe. Ikitengenezwa vema, yaweza kuwapa watu wa nyumbani mboga wakati wa kiangazi, na kumpa mgeni mahali pa kuketi.

KUFAGIA. Wazee walifagia uwanja kwa akili, maana nyoka huonekana upesi juu ya udongo mtupu. Desturi hiyo isiachwe. Lakini uwanja wote ukiwa mtupu, mvua za masika huchukua udongo wa juu, na matone ya paa huchimba chini ya ukuta hata msingi ukaonekana. Basi acha hatua tatu kuizunguka nyumba, pamoja na njia ya kuingilia, ziwe safi. Mahali palipobaki pandwe.

BARAZA. Kabla ya kupiga jembe, tazama kivuli huanguka wapi saa kumi alasiri, maana ndiyo saa ya watu kuzungumza. Hapo weka baraza. Ukitaka kupanda mwembe kwa kivuli, uwe mbali na nyumba futi 30 au zaidi, kwani tawi lake likivunjika huharibu paa. Wala usiupande mpakani: mti wa mpakani huzaa maembe na ugomvi pamoja.

MCHICHA. Kitalu kiwe na upana wa futi 4, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga udongo. Tia samadi iliyooza. Mbegu ni ndogo sana. Zichanganye na mchanga mkavu, kisha zipande kwa mistari. Baada ya majuma matatu au manne huanza kuchumwa. Kila majuma mawili panda kitalu kingine, ili mboga isikatike.

MIPAPAI. Panda miche mitatu katika kila shimo, na kati ya shimo na shimo pawe na futi 8 hadi 10. Itoapo maua utaitambua midume: maua yao huning'inia kwa vikonyo virefu. Ing'oe, ukabakize jike moja kila shimo; dume mmoja kwa majike kumi hutosha. Usiipande mahali maji yatuamapo, kwani mizizi yake huoza.

MAJI. Maji ya kuogea yapelekwe kwa mfereji mdogo penye migomba, yasimwagwe juu ya mboga za majani. Kopo, kifuu au mtungi uliovunjika usiachwe na maji ya mvua. Mbu hutaga humo, na kwa muda wa juma moja hivi watoto wake huweza kuruka. Kwa hiyo vyombo vyote vimwagwe kila juma.

UA. Mbuzi na kuku huharibu kazi ya mwezi kwa asubuhi moja. Basi zungusha ua wa fito. Usizidi kifua cha mtu, ili apitaye aweze kusalimu na kuitikiwa. Watoto wachezapo, usipande mnyaa, kwa kuwa utomvu wake hudhuru macho.

Jambo la mwisho ni kazi yenyewe. Mwanamume asiseme ya kuwa bustani ya mlangoni ni ya mkewe peke yake. Mama abebaye maji kutoka mbali hawezi kuongezewa vitalu vitano. Anzeni na kitalu kimoja: mume alime na kujenga ua, watoto watie maji jioni. Kikistawi, mpeni jirani mbegu na miche. Hapo atakuja barazani kuuliza jinsi mlivyofanya, na uwanja utakuwa umefanya kazi zake zote mbili.