Mifuko miwili ya maharagi kwa sikukuu ya mavuno

Sadaka ya gharama, kwa Wakristo, ni ile ambayo nyumba ya mtoaji inaihisi hata baada ya ibada kwisha. Mfalme Daudi alipotaka kujenga madhabahu kwenye uwanja wa kupuria nafaka wa Arauna Myebusi, mwenye uwanja alikuwa tayari kumpa kila kitu bure: mahali, ng'ombe wa kuteketezwa, hata kuni. Daudi alikataa, akalipa shekeli 50 za fedha, kwa kuwa hakukubali kumtolea Mungu kitu ambacho hakikumgharimu. Kisa hiki kimo mwishoni mwa kitabu cha pili cha Samweli, na ndani yake kuna jambo lisilokwepeka: anayetoa kwa mali ya mwingine bado hajashukuru.

Jambo hili limeulizwa kwa barua na mama mjane wa Mpofi, upande wa Masisi na Walikale. Vita vilimkimbiza na watoto wake. Familia isiyomjua ikawapokea, ikawapa chumba na fungu katika sufuria yake, mpaka njia ilipotulia wakarudi. Amelima, amevuna mifuko minne ya maharagi, na moyo wake umejaa. Anataka kupeleka mifuko miwili kanisani siku ya sikukuu ya mavuno. Mwanawe mkubwa, mwanafunzi wa sekondari, anasema huko ni kupoteza. Shemeji anasema mjane hana mali ya kutapanya. Mama anauliza kama hao wawili wamesimama mahali pa Yuda, na kama kupunguza sadaka itakuwa kumdharau Mungu aliyewarudisha wazima.

Habari ya Yuda inatoka Bethania, siku chache kabla ya Pasaka. Marko anaieleza katika sura ya 14 bila kumtaja mwanamke jina. Yohana, katika sura ya 12, anasema ni Maria, ndugu yake Martha na Lazaro. Mwanamke huyo alimmiminia Yesu marhamu ya nardo safi. Nardo hutoka katika mizizi ya mmea wa milima ya Himalaya, kwa hiyo ilifika Yudea baada ya kupita mikono ya wafanyabiashara wengi, na bei ikapanda kila mkono. Yohana anataja ratili moja, ambayo kwa kipimo cha Kirumi ni kama gramu 327. Waliokuwapo walikadiria thamani yake kuwa dinari 300 au zaidi. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, kama mfano wa shamba la mizabibu unavyoonyesha, na ukiondoa siku za Sabato, dinari 300 ni kazi ya mwaka karibu mzima. Kwa mtu wa Mpofi anayelima shamba la mwingine kwa kibarua, ni kana kwamba amefanya kazi mwaka wote bila kula senti, kisha akazimimina zote kwa dakika moja.

Lawama ilikuja kwa lugha nzuri sana: fedha hizo zingewafaa maskini. Yohana anamfunua aliyeianzisha, kwamba Yuda ndiye aliyeshika mfuko na alikuwa akiuibia. Yesu akamtetea mwanamke. Maneno yake kwamba maskini wapo siku zote yametumiwa vibaya mara nyingi, kana kwamba maskini wanaweza kungoja. Yanarudisha msikilizaji kwenye Kumbukumbu la Torati 15, ambako kuwapo kwa maskini daima ndiyo sababu ya kuamriwa kuwafungulia mkono, na katika Marko Yesu mwenyewe anaongeza kwamba kuwatendea mema kunawezekana wakati wowote mtu atakapo. Anayempenda Kristo kwa gharama hapewi ruhusa ya kumpita maskini mlangoni.

Shukrani ndiyo chemchemi ya tendo kama hilo. Luka, katika sura ya 7, anasimulia habari ya mwanamke mwingine aliyelowesha miguu ya Yesu kwa machozi nyumbani kwa Farisayo, na Yesu akaifafanua kwa mfano wa wadeni wawili waliosamehewa, mmoja dinari 500, mwingine 50. Aliyesamehewa nyingi alipenda zaidi. Mama aliyewatoa watoto wake chini ya risasi akawarudisha wote hahitaji kufundishwa hesabu hiyo. Hamu yake ya kutoa ni ya kweli, na shemeji amekosea kabisa. Maharagi yamepandwa, yamepaliliwa na kuvunwa kwa mikono ya mjane. Kumwambia hana cha kumtolea Mungu ni kumnyang'anya heshima ambayo hata vita havikuichukua.

Mwana ni habari tofauti. Yuda aliilalamikia marhamu ambayo hakuitolea jasho, akitaka kuichukua fedha yake. Kijana huyu anakula katika sufuria ileile, na yumkini ameshika jembe katika shamba hilohilo. Tangu 2019 shule za msingi za serikali nchini Kongo hazidai ada, lakini sekondari bado inalipiwa, na mwanafunzi asiyelipa minervali, yaani karo, hurudishwa nyumbani. Anapoitazama mifuko miwili ikitoka, anauona muhula wake ukitoka nayo. Huo ni wasiwasi wa mtoto wa nyumba, na mama hatamtendea haki akimpa jina la msaliti.

Yesu aliwahi kugusa suala hilihili kutoka upande wa pili. Katika Marko 7 aliwakemea waliokuwa wakiiweka mali wakfu, wakiiita Korbani, ili wasiwasaidie baba na mama. Kitu kinachodaiwa na mwingine hakigeuki sadaka kwa kupelekwa madhabahuni. Kanuni hiyo inawalinda wazazi, na kwa sababu ileile inawalinda watoto. Basi katika mifuko minne ya Mpofi kuna sehemu mbili ambazo mama hana uhuru nazo, na ya kwanza ni mbegu. Mkulima anayetoa mbegu ametoa mavuno yajayo, na pamoja nayo chakula cha miezi mingine. Mwaka unaofuata atakuwa mtu wa kuombewa msaada na kanisa lilelile. Ya pili ni minervali ya kijana.

Hapa wengi watamkumbuka mjane wa sarafu mbili, aliyetia hekaluni riziki yake yote, na wengine mjane wa Sarepta, aliyempikia nabii Eliya unga wa mwisho huku mwanawe akiwa na njaa. Masimulizi hayo ni matakatifu na yasipunguzwe uzito. Lakini katika Marko 12, maneno yanayotangulia moja kwa moja habari ya sarafu mbili ni hukumu ya Yesu juu ya waandishi wanaokula nyumba za wajane. Anayesoma mistari hiyo kwa pamoja ataona kwamba moyo wa mjane unasifiwa, na wanaomkamua wanahukumiwa. Huko Sarepta, ombi la Eliya lilikuja na ahadi kwamba unga hautaisha. Mchungaji anayemwomba mjane unga wa mwisho kwa kumtaja Eliya anajitwalia ahadi ambayo hakupewa. Barua ya Mpofi haisemi kwamba kuna mtu aliyemshinikiza mama, na ni vizuri. Ikitokea, ana haki ya kukataa bila hofu.

Paulo, aliyewasifu Wakristo wa Makedonia kwa kutoa katika umaskini mkubwa, aliwaandikia Wakorintho katika sura hiyohiyo, ya 8 ya waraka wa pili, kwamba matoleo hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, na kwamba hakutaka wengine wapate nafuu kwa wao kulemewa. Kwa hiyo kupunguza mfuko si kumdharau Mungu. Mfuko mmoja kati ya minne ni robo ya mavuno, mara mbili na nusu ya fungu la kumi. Nyumba ya mjane itauhisi.

Barua inaitaja familia iliyowapokea kwa sentensi moja tu, nayo inastahili zaidi. Kwa miaka mingi katika Kivu Kaskazini, sehemu kubwa ya waliokimbia vita imekaa katika nyumba za wenyeji, si katika kambi. Familia yenye chumba kimoja inakigawa; mihogo na sombe iliyokuwa ya watu sita inaliwa na kumi na wawili; shamba linachoka mapema, watoto wanalala wamebanana, na hakuna anayeandika jina la mwenye nyumba kwenye orodha ya wafadhili. Wapo wanaofanya hivyo kwa sababu wanaamini Kristo alijitambulisha na mgeni, kama Mathayo 25 inavyofundisha. Ikiwa marhamu ya Bethania ina mfano wake katika Masisi na Walikale, unapatikana kwanza katika nyumba hizo. Na ikiwa mama anamshukuru Mungu kwa kurudi mzima, nyumba hiyo ilikuwa mkono ambao Mungu aliutumia.

Ibada ya gharama ina sura nyingine pia, na Goma imeipa ulimwengu mfano. Floribert Bwana Chui, aliyezaliwa humo 1981, alikuwa mfanyakazi kijana wa ofisi ya serikali ya ukaguzi wa bidhaa, OCC, na mwanajumuiya wa Sant'Egidio, akitumia muda wake pamoja na maibobo, watoto wa mitaani. Alikataa rushwa ya kuruhusu vyakula vilivyoharibika vipite mpaka viuzwe kwa watu. Julai 2007 alitekwa na kuuawa, akiwa na miaka 26. Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenyeheri tarehe 15 Juni 2025, katika Basilika la Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, Roma. Hakupeleka mfuko wowote madhabahuni. Aliona kwamba kumpenda Kristo kunamzuia kuwalisha jirani zake sumu, na akalipa kwa maisha yake.

Kwa mama wa Mpofi, basi, mpango unaofaa ni huu. Kwanza atenge mbegu, iliyochambuliwa vizuri, na pembeni yake maharagi yatakayouzwa kwa minervali. Mfuko mmoja uende kanisani ukiwa umejaa, wa maharagi mazuri na si yale yaliyotobolewa na wadudu, maana hapo ndipo gharama inapoonekana. Akitaka, aombe wazee wa kanisa kwamba sehemu yake iwafikie wajane na yatima. Ni haki yake kuomba, na kanisa lililo jema litafurahi. Katika mfuko wa pili aliokusudia kuutoa, achukue vipimo vichache kwa ajili ya familia iliyompokea, avipeleke mwenyewe njia ikiwa salama au kwa mtu wa kuaminika, na kinachobaki kiliwe nyumbani bila kujilaumu.

Kijana aelezwe mpango huo wote kabla ya sikukuu, mezani, mifuko ikiwa bado ndani, na aonyeshwe maharagi ya minervali kwa macho. Shemeji anaweza kujulishwa. Si lazima aombwe ruhusa. Msimu mwingine wa kupanda ukija na shamba likizaa vizuri, suala la mfuko wa pili litafunguliwa upya, na safari hiyo mwana naye atakuwa na la kusema.